Mitishamba ya kukinga ini na figo: tuwaulize watafiti swali gumu zaidi

Majaribio mengi ya mimea inayosemekana kukinga ini dhidi ya madhara ya dawa hufuata mtindo mmoja. Majani hulowekwa kwenye spiriti au maji, huchujwa, kisha mchujo wenyewe hukaushwa. Panya wanapewa mchujo huo kila siku kwa wiki moja au mbili. Mwishoni wanapewa parasetamoli nyingi ya kuwaumiza kwa makusudi, halafu wanapimwa damu. Waliopewa parasetamoli peke yake, vimeng'enya vya ini, yaani ALT na AST, vimepanda sana kwenye damu, dalili kwamba ini limeumia. Waliotanguliziwa mchujo, vimepanda kidogo. Basi inaandikwa kwamba mmea fulani unakinga ini, na habari inasambaa bila kutaja panya.

Sina ugomvi na majaribio hayo. Utafiti lazima uanzie mahali, na kiu ya dawa zinazokinga viungo hivi viwili ni ya kweli: dawa za kifua kikuu huumiza ini, jentamisini, dawa ya kuua bakteria, na sisplatini, dawa ya saratani, huumiza figo, na wagonjwa wanazihitaji. Ugomvi wangu ni pale matokeo ya panya yanapogeuzwa kuwa ushauri kwa mgonjwa.

Tuanze na parasetamoli yenyewe. Sehemu kubwa yake ini huishughulikia bila taabu. Sehemu ndogo hubadilishwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 ikawa sumu, NAPQI, ambayo hudakwa haraka na glutathioni iliyo ndani ya chembe za ini. Dozi ikizidi mno, glutathioni inakwisha, sumu inabaki huru na chembe zinaanza kufa.

Sasa, mchujo uliotangulizwa unaweza kumwokoa panya kwa njia mbili tofauti kabisa. Unaweza kuongeza akiba ya glutathioni. Au unaweza kuzuia CYP2E1, sumu isitengenezwe tangu mwanzo. Ukitazama ALT pekee, huwezi kuzitofautisha njia hizo, na tofauti ni kubwa. Mmea unaozuia vimeng'enya vya ini unaweza pia kuvuruga dawa nyingine anazotumia mtu: moja ikajazana mwilini, nyingine ikashindwa kufanya kazi. Mtafiti asiyepima kiasi cha dawa kwenye damu ya panya wake hajui ni lipi kati ya hayo limetokea, na kwa maoni yangu hana haki ya kuandika neno "kinga".

Halafu kuna suala la wakati. Mtu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi hakutanguliza mitishamba wiki nzima. Anafika hospitali sumu ikiwa tayari mwilini. Tuna dawa inayofanya kazi katika hali hiyo, asetilsisteini, inayorudisha glutathioni, na ikianza ndani ya saa 8 humlinda karibu kila mgonjwa. Ningependa kuona mchujo ukitolewa saa kadhaa baada ya sumu, na ukilinganishwa na asetilsisteini.

Dozi nazo zinanisumbua. Tuseme panya mkubwa wa maabara amepewa miligramu 400 za mchujo kwa kila kilo ya uzito. Ukifuata hesabu ya kawaida ya kuhamisha dozi kutoka kwa panya huyo kwenda kwa binadamu, unagawanya kwa 6 hivi. Mtu wa kilo 60 atahitaji takriban gramu 4 za mchujo mkavu kila siku. Kama gramu 10 za majani makavu hutoa gramu 1 ya mchujo, hizo ni gramu 40 za majani kwa siku. Tena kilichotoka kwa spiriti si lazima kitoke kwa kuchemsha majani kwenye sufuria.

Kwenye figo, swali zito zaidi ni la sisplatini. Mmea ukikinga chembe za figo dhidi yake, nani ametuhakikishia kwamba haukingi na uvimbe wa saratani? Majaribio ya panya wasio na saratani hayawezi kujibu hilo. Wakati huohuo madaktari wana njia zinazojulikana: maji ya mshipani na magnesi kwa sisplatini, kupima kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na kurekebisha dozi kwa jentamisini.

Silimarini, itokanayo na mmea Silybum marianum, ndiyo mfano wangu wa haki kwa pande zote. Ulaya, silibinini, kiungo chake kikuu, hutolewa kwa sindano kwa watu waliokula uyoga wenye sumu, Amanita phalloides. Lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa haikushinda kidonge kisicho na dawa katika kushusha ALT. Mmea uleule, maswali mawili, majibu mawili.

Na mmea wenyewe unaweza kuwa sumu. Ubelgiji, mapema miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene waliharibikiwa figo. Badala ya mmea mmoja uliotakiwa kuwemo, kimakosa uliwekwa mwingine wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu ya figo. Baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo.

Kwa hiyo, wewe unayetumia dawa za kifua kikuu, yaani isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, na huku unakunywa majani ya kusaidia ini, mwambie daktari, hata kama hajauliza. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai iliyokolea, au kichefuchefu kikakataa kuisha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Chukua vidonge vyako vyote na majani yenyewe, kwa sababu daktari asiyejua umekunywa nini anaweza kulaumu dawa ya kifua kikuu na kuisimamisha, kumbe kosa ni la majani.