Kadi ya Mjomba si bakuli

Shilingi 20. Ndizo mjomba wangu alizopewa Jumanne ndani ya matatu ya Githurai, na hakuwa ameomba chochote.

Tulikuwa tunatoka kliniki. Makanga alipotufikia, Mjomba alitoa kadi yake ya picha na maneno, akaanza kutafuta kwa kidole mahali tunaposhukia. Mama wa kiti cha mbele akageuka, akaiona, akafungua kibeti. "Shika mzee, Mungu ni mwema."

Najua, najua. Kila siku mtu hupanda, akatuwekea vikaratasi vya kuomba msaada mapajani, kisha akapita kukusanya. Na bora huyo mama kuliko makanga, aliyeanza kupayuka kana kwamba kiharusi kiliingia masikioni. Lakini kadi ile ni mdomo wake, jamani, si bakuli!

Mjomba ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa wengi wetu ndiko lugha hukaa, kikamwachia afasia. Akili iko palepale. Neno ndilo linamponyoka. Muulize chai au uji, atahangaika mpaka jasho limtoke. Mwanzishie wimbo wa kanisani, ataumaliza ubeti kwa ubeti. Na matusi? Yanatoka safi kabisa, mbele ya pasta! Mtaalamu wa tiba ya usemi alicheka, akasema ndivyo huwa, mambo yaliyozoeleka ulimini hubaki. Sasa anamfundisha kuimba "nataka chai" huku akigonga meza kwa mkono wa kushoto. Juzi ilitoka yote. Shangazi alilia, maziwa yakafurika jikoni.

Mtaniambia kuna programu za simu. Sawa, zipo. Tuliyoijaribu sisi ilitamka "nipe ugali" kama mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege wa JKIA asubuhi hiyo. Halafu utoe simu dirishani mwa matatu? Kadi hainyakuliwi na mtu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Makanga simwombi asome Katiba. Apunguze muziki, anyamaze sekunde kumi, afuate kidole. Sekunde kumi tu! Gari lilelile lilikuwa limekaa stejini nusu saa likingoja abiria wawili.

Jioni niliandika juu ya kadi kwa kalamu nene: SIOMBI, NAONGEA. Mjomba akaitazama kwa muda, kisha akatoa tusi moja, safi.