Mita 900 za giza la Amboni

Wapo wanaolalamika kwamba Mapango ya Amboni yamebanwa mno. Mapango ni 10, wageni wanaingizwa katika moja tu, tena nyuma ya mwongozaji. Kijana aliyekuja na bodaboda kutoka Tanga mjini, kilomita 8 hivi, anajiona anaswagwa kama mwanafunzi. Wana hoja nyingine yenye uzito zaidi: mgeni akizunguka kidogo na kurudi mjini mchana huohuo, watu wa Kiomoni, majirani wa mapango, wanabaki na nini?

Tatizo ni kwamba wanalisahau giza. Wengi tumekua tukisikia kuwa pango linatokea Mombasa, wengine wakilifikisha Kilimanjaro. Uchunguzi wa mwaka 1994 ukaona refu kuliko yote lina mita 900 tu, na watu wakacheka: kumbe! Mimi mita hizo 900 ndizo zinazonitisha. Pangilia viwanja tisa vya mpira, toa mwanga, toa mtandao wa simu, weka mawe ya chokaa yenye utelezi na vichochoro vinavyofanana. Tochi ya simu ikizimika humo, huna haja ya kufika Mombasa ili upotee. Utapotelea hapohapo, wenzako wakiwa kona ya pili.

Baada ya Februari 2015, vyombo vya dola vilipopambana na watu wenye silaha eneo hilo na askari mmoja wa JWTZ akauawa, neno usalama likawa na maana ya bunduki. Si ajabu, tangu enzi za Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, mapango haya yana sifa ya maficho. Lakini bunduki haimsaidii aliyeteguka kifundo. Huyo anamhitaji mwongozaji anayezijua njia, na mtu wa nje anayejua kuwa wameingia wanne wakatoka watatu. (Na wanaokwenda kutambika mzimuni humo pangoni nao wahesabiwe.)

Hata hivyo kufuli la milele nalo si ulinzi. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, inayoyasimamia sasa, ingeweza kulipima pango la pili kabla ya kulifungua, na kuwafundisha vijana wa Kiomoni uokoaji kwa fedha za viingilio. Kutoka mlangoni hadi Hospitali ya Bombo, Tanga mjini, gari linafika. Kazi ni kumtoa majeruhi ndani, ambako machela ya kawaida haikati kona.