Muuzaji Anasema ni i7 na Anaona Amemaliza

Kuna sentensi moja ambayo muuzaji wa prosesa iliyotumika, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, huitamka kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake wote hapa duniani, nayo ni hii: "Mkuu, hiyo ni i7." Akishaisema hunyamaza, na ukimwuliza ni i7 ipi, hukutazama kana kwamba umemwomba cheti cha kuzaliwa cha bibi yake. Mimi sina ugomvi na i7. Tatizo langu ni kwamba Intel, kampuni inayotengeneza prosesa hizo, walianza kulitumia jina hilo mwaka 2008, na tangu hapo wamelibandika kwenye vizazi zaidi ya kumi vya prosesa, zikiwamo za kompyuta mpakato zenye viini viwili tu (viini ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi), kama i7-7500U, na za kompyuta za mezani zenye viini vinane, kama i7-9700K. Kuniambia kwamba ni i7 ni sawa na kunituma mjini nikamtafute mtu anayeitwa Juma: sikatai kwamba yupo, lakini wapo wengi mno, na baadhi yao wamekwisha kustaafu.

Mnunuzi anayejali fedha yake huomba picha ya upande wa juu, kwa sababu juu ya kile kifuniko cha chuma ndipo jina kamili lilipochongwa. Picha huja. Nimekwisha kutumiwa picha ambayo kitu kilichoonekana wazi kuliko vyote ni ukucha wa muuzaji, nikaweza hata kuona kwamba anaukata upande mmoja kuliko mwingine, ilhali prosesa yenyewe ilikuwa kivuli cha mraba kilichomeremeta kwa mwanga wa taa. Ukiomba picha nyingine, hutuma ya upande wa chini. Hiyo nayo usiitupe, maana inasema jambo fulani: ukiona msitu wa pini zilizosimama, huenda ni ya AMD, mshindani wa Intel, ya soketi AM4 (soketi ni kiti cha prosesa kwenye ubao mama, ile bodi kuu ya kompyuta), yenye pini 1,331 ambazo unapaswa kuzikagua safu kwa safu kama kuna iliyolala; ukiona vidoto bapa vya rangi ya dhahabu, basi ni ya aina ya LGA, ambayo pini zake zimebaki kwenye ubao mama. Lakini jina bado hulijui.

Ukifika mwenyewe mahali alipo, unakuta kifuniko kimepakwa pesti ya kijivu iliyokauka, ile inayowekwa ili joto lipite kutoka kwenye prosesa hadi kwenye chuma cha kupozea chenye feni. Ukiomba ifutwe, muuzaji anashtuka. "Nikiifuta itaharibika, mkuu." Pesti haina uhusiano wowote na uhai wa prosesa, na kila anayefunga prosesa upya anapaswa kufuta ya zamani na kupaka mpya, tena kitambaa laini chenye spiriti kidogo kinatosha kabisa. Mazungumzo haya huwa marefu kuliko yanavyostahili. Mwishowe yeye mwenyewe huifuta kwa kona ya shati lake, kwa mkono uleule ambao dakika chache zilizopita ulikuwa unaogopa kuharibu.

Hapo ndipo maandishi yanapojitokeza: INTEL ©'10, kisha i5-2400, kisha SR00Q 3.10GHZ, kisha MALAY, kisha mstari unaoanzia na L123. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba i7 yake ina 5 mahali pa 7. Alitazama kwa makini, akasema, "Hizo zinafanana." Halafu, kwa kuwa mfanyabiashara hodari hakosi pa kushika, akanyooshea kidole neno MALAY na kunieleza kwamba hiyo ndiyo orijino, ila zile zilizoandikwa COSTA RICA ndizo nyepesi na huwa haziishi. Ukweli ni kwamba hayo ni majina ya nchi zenye viwanda vya Intel vilivyokamilisha na kupima prosesa hizo, na i5-2400 ya Malaysia na ya Kosta Rika ni kitu kilekile.

Chenye thamani katika maandishi yale yote ni SR00Q, ambayo hakuna muuzaji niliyewahi kumsikia akiitaja. Ni alama ya herufi na tarakimu tano inayotenganisha aina moja na nyingine, na ukiiandika kwenye sehemu ya kutafutia mtandaoni unapata kila kitu: viini vinne, nyuzi nne (kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja), kache (kumbukumbu ya ndani) ya MB 6, soketi LGA1155, wati 95. Ile ©'10 ni mwaka wa hakimiliki tu, kwa hiyo anayekuambia kwamba prosesa ilitengenezwa 2010 kwa sababu ya alama hiyo mwache aendelee. Tarehe imejificha kwenye mstari wa L123: herufi ya kwanza ni kiwanda, tarakimu inayofuata ni mwaka, na mbili zinazofuata ni wiki, yaani wiki ya 23 ya mwaka unaoishia na 1. Mwaka wameupa tarakimu moja tu, kwa hiyo inaweza kuwa 2011 au 2021, na ni juu yako kuamua kwa kuutazama umri wa aina hiyo ya prosesa.

AMD nao wasijione wametoka salama. Prosesa yao Ryzen 5 1600 ilitoka mwaka 2017 ikiwa ya teknolojia ya nanomita 14 (namba ikipungua, saketi za ndani huwa ndogo zaidi), halafu baadaye wakatoa nyingine ya nanomita 12, inayokaribiana sana na Ryzen 5 2600 iliyoifuata, wakaipa jina lilelile. Ya kwanza ina namba YD1600BBM6IAE na ya pili YD1600BBM6IAF. Tofauti nzima imekaa kwenye herufi ya mwisho, ambayo ndiyo hasa pesti huipenda kuliko herufi nyingine zote.

Kuna pia zile zilizochongwa INTEL CONFIDENTIAL, zenye alama fupi inayoanzia na Q badala ya S. Muuzaji hukupa kwa kunong'ona: "Hii ni maalumu, siyo ya kila mtu." Kwa hilo amesema kweli kuliko anavyodhani, kwa sababu hizo ni sampuli ambazo Intel huwapa watengenezaji wa mashine kwa ajili ya majaribio, Intel huzihesabu kuwa bado ni mali yake, na baadhi ya mbao mama hazizitambui kabisa.

Hata ukilijua jina, soketi inakusubiri. Prosesa za kizazi cha nane za Intel za kompyuta za mezani, zilizoanza kutoka 2017, zinatumia LGA1151 kama za kizazi cha sita na cha saba, zinaingia bila kusukumwa, na kwenye ubao mama wa zamani haziwaki. Ningependa kumfahamu aliyeketi kwenye kikao na kusema kwamba namba ibaki ileile.

Na kwa kuwa tangu enzi za Pentium, miaka ya 1990, wapo watu wanaosugua maandishi na kuchonga ya prosesa ghali zaidi, mimi huomba iwashwe. Siridhiki na jina linaloonyeshwa na Windows, maana maandishi hayo yanaweza kubadilishwa; nataka CPU-Z, programu ambayo huiuliza prosesa yenyewe. Jibu huwa moja: hakuna ubao mama wa kuijaribia, ila ilitolewa kwenye mashine iliyokuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Kila prosesa iliyotumika ilitolewa kwenye mashine iliyokuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Ni nani hawa wanaozunguka wakivunjavunja mashine nzima?

Yule wa i5-2400 hatimaye alipata ubao mama kwa jirani yake, tukaiwasha, na CPU-Z ikathibitisha yote. Nikamweleza kila kitu kwa upole: alama, soketi, wiki, viini, hata kwamba Windows 11 haiitambui rasmi na kwamba usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025, nikitaraji kwamba maelezo hayo yangeishusha bei. Aliandika yote kwenye simu yake, isipokuwa hayo ya Windows. Kufikia jioni tangazo lake lilikuwa na jina kamili, alama, soketi na neno "imehakikiwa", na bei ilikuwa imepanda. Nilipomwuliza sababu, alinijibu bila hata kupepesa macho kwamba asubuhi alikuwa hajajua anauza nini.