Saa mbili ipi?

Mwezi uliopita shangazi yangu alitoka mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, alfajiri kuwahi kikao cha wazazi. Ujumbe wa simu ulisema: "Kikao ni saa 2:00 kamili, msichelewe." Akakuta geti limefungwa. Kumbe aliyeandika alimaanisha saa nane mchana. Aliisoma saa Kizungu, akaiandika Kiswahili. Shangazi akakaa chini ya mwembe saa sita nzima.

Tangu siku ile sichukulii tena malalamiko ya wazee wa hapa Tabora kuhusu lugha ya vijana kuwa ni manung'uniko ya uzee. Wanachukizwa na "masaa", na "wamama", na "mwisho wa siku" inayotajwa asubuhi kweupe, na "mtu ambaye anayefanya". Kiingereza nacho kinawauma: kijana kamaliza kidato cha nne, barua ya kuomba kazi anaandikiwa na mtu. Wanakumbusha kwamba Nyerere alisoma Tabora School, na kwamba mwaka 1963 alitoa tafsiri ya Shakespeare kwa Kiswahili. Alizimudu lugha zote mbili bila kuzikoroga.

Vijana nao wana hoja. "Shule" na "hela" tumeachiwa na Wajerumani, hao hao ambao reli yao ilifika hapa 1912. "Meza" ni ya Wareno. Nani leo anayaona maneno hayo kuwa uchafu? Hata Uingereza, mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alitaka kiundwe chombo cha kukilinda Kiingereza kisiharibike. Hakikuundwa, na lugha ikaendelea na safari yake.

Kwenye Kiingereza, mimi niko upande wa vijana kabisa. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amezoea kusoma kwa Kiswahili miaka saba, halafu kidato cha kwanza anakutana na baiolojia, jiografia na hesabu kwa Kiingereza. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuchunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili, serikali ikakataa. Anayekariri asichokielewa ili afaulu mtihani, Kiingereza fasaha atakitoa wapi? Kumwita mzembe ni kumwonea.

Ila Kiswahili hatukukaririshwa. Tumekinyonya. "Masaa" nitayavumilia, maana hayajampoteza mtu njia. Nisichovumilia ni mtu kusema au kuandika bila kumfikiria anayepokea, kisha mzigo wa kubahatisha maana akamwachia yeye, tena aghalabu mtu mzima asiye na simu ya kuulizia mara mbili.

Nilimpigia aliyetuma ule ujumbe. Akanijibu kwa upole, "Mbona inaeleweka, kaka?" Chini ya mwembe ule shangazi hakuwa peke yake, walikuwa wazazi watano. Angeandika tu "saa nane mchana", asubuhi ile wangeimalizia shambani.