Gemu za viporo na njaa yetu ya zamani

Mwishoni mwa mwaka 2024 Valve, kampuni inayoendesha duka la gemu la Steam, ilitoa takwimu ambazo kila mwenye maktaba ya gemu anafaa kuzisoma kwa utulivu. Ukiwapanga watumiaji wote wa Steam kuanzia aliyecheza gemu chache kabisa hadi aliyecheza nyingi, yule anayeangukia katikati alicheza gemu 4 mwaka mzima. Nne tu. Na katika muda wote ambao watu waliutumia kucheza, asilimia 15 ndiyo iliyokwenda kwenye gemu zilizotoka mwaka huo. Asilimia 37 ilikwenda kwenye gemu zenye umri wa miaka minane na zaidi. Wakati huohuo dukani ziliingia gemu mpya zaidi ya 18,000.

Kwa hiyo ukifungua maktaba yako ukakuta safu kwa safu za gemu ambazo hujawahi hata kuziwasha, hauko peke yako. Viporo hivi ni hali ya kawaida ya kila anayecheza leo.

Ushauri unaotolewa kuhusu viporo karibu wote unafanana. Tengeneza jedwali, andika kila gemu na saa inazohitaji, jiwekee lengo la kumaliza mbili kwa mwezi, na usinunue mpya mpaka ufute ya zamani. Najua mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hapa daftari linatibu pasipouma. Linageuza gemu kuwa deni, na jioni ya kupumzika kuwa zamu ya pili ya kazi. Nimeona watu wenye mapenzi ya kweli na gemu wakiziacha kabisa kwa sababu kila wakishika pedi wanaiona ile orodha mbele yao. Swali langu huanzia nyuma zaidi: kwa nini tunazichukua gemu hizi zote?

Sehemu ya jibu ni maduka yenyewe. Steam ina punguzo kubwa la kiangazi na jingine la Desemba, na katikati yake kuna madogomadogo mengi. Epic Games Store, duka jingine la gemu la mtandaoni, lilipofunguliwa Desemba 2018 lilianza kugawa gemu za bure, na halijaacha. Ukichukua moja kwa wiki, mwaka unaisha una gemu 52 ambazo hukuwahi kuziomba. Mei 2020 waliigawa GTA V, na watu wakaikimbilia kwa wingi mpaka duka likazidiwa na kuanguka. Ukiongeza Game Pass na PS Plus, ambazo unalipia kila mwezi na kufunguliwa ghala zima, utaona kwamba kupata gemu kumekuwa rahisi kuliko kupata muda wa kuicheza.

Ila mimi naamini kwetu kuna sababu nyingine, nayo ina mizizi zaidi.

Wengi wa rika langu tulianzia kwenye kibanda cha gemu. TV ya chogo, PS2 iliyochipiwa ili isome CD za kunakili imewekwa juu ya stuli, feni inayozunguka kwa shida, na benchi la mbao ambalo watoto sita wanagombea nafasi ya wanne. Unalipia mechi moja ya Winning Eleven, gemu ya mpira, anayefungwa anapisha. Ukitaka GTA San Andreas unalipia kwa dakika, na mwenye kibanda anatazama saa ya ukutani kuliko anavyokutazama wewe. CD zilikuwa za kuchoma. Ikikwaruzika inapakwa dawa ya meno, inafutwa kwa pindo la shati, inarudishwa ndani huku wote mmeshika pumzi. Memori kadi moja ya MB 8 ilibeba safari za mtaa mzima, na ilitosha mtu mmoja asevu juu ya safari yako ili wiki nzima ya fedha za chai ipotee.

Pale hakuna aliyekuwa na kiporo. Gemu ilikuwa moja, labda tatu, na tulizijua mpaka mishipa. Tulijua ni kipa gani anatoka golini mapema, tulijua ni uchochoro gani polisi wa Los Santos, mji wa San Andreas, hawakufuati. Mtu alikuwa na karatasi iliyochakaa mfukoni, chiti zote za San Andreas, zile kodi za kupata silaha na fedha za bure, zimenakiliwa kwa kalamu, na karatasi hiyo ilimpa heshima kwenye benchi.

Lakini uhaba huo ulitufundisha jambo moja lililokaa mwilini: ukikiona, kichukue, kesho hakipo. Kibanda kinaweza kufungwa, CD inaweza kukatika, mwenye mashine anaweza kuhama. Sasa mtu aliyelelewa hivyo mpe akaunti ya Steam, mwonyeshe gemu ya dola 60 inayouzwa dola 6, umwambie punguzo linaisha baada ya saa chache. Mkono unakwenda wenyewe. Hanunui ili acheze usiku huo. Ananunua kwa niaba ya yule mtoto aliyekuwa akichungulia dirishani kwa sababu hakuwa na mia. Namwelewa kabisa, na simlaumu. Ninachosema ni kwamba yule mtoto hashibi kwa kununuliwa. Anashiba kwa kucheza.

Na kwetu bei haiishii dukani. Steam inatutoza kwa dola, iwe Dar es Salaam au Nairobi, hivyo shilingi ikiyumba na gemu inapanda. Duka la PlayStation halijafunguliwa rasmi kwetu. Watu wanafungua akaunti za Marekani au Afrika Kusini na kuziwekea salio kwa kadi za zawadi. Kisha kuna bando, na hapa ndipo wengi hawapigi hesabu. Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150. Baldur's Gate 3 vivyo hivyo. Kwa mtu anayetumia intaneti ya simu, kuipakua gemu ya namna hiyo kunaweza kugharimu kuliko gemu yenyewe iliyonunuliwa kwenye punguzo. Mwenzetu wa Ulaya hupakua leo, akafuta kesho, akapakua tena Jumapili. Sisi tukishapakua tunaogopa kufuta, hata kama gemu haitupendezi, maana GB zile zimetoka mfukoni.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza inahusu kupakua, wala haihusu kununua. Kwenye diski yangu zinakaa gemu mbili, moja kubwa na moja ndogo. Kubwa ni ile yenye hadithi ndefu inayodai usiku kwa usiku. Ndogo ni ya kuchezwa hata ukiwa na nusu saa: raundi moja ya Hades, au siku mbili tatu za shambani kwenye Stardew Valley, gemu iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka Februari 2016, na inayoomba nafasi ya MB 500 tu. Nyingine zote zibaki kwenye maktaba. Hazili bando, hazili diski, hazinidai chochote.

Kwa nini kubwa moja tu? Kwa sababu gemu kubwa haikubali kuachwa kiporo. Chukua hiyo hiyo Red Dead Redemption 2. Kwenye PlayStation, ukimkaribia mtu njiani bila silaha mkononi ukabonyeza kitufe cha L2, unapewa nafasi ya kumsalimia. Ukibonyeza L2 hiyohiyo bastola ikiwa mkononi, unamlenga. Ukicheza kila siku vidole vinakumbuka vyenyewe. Iache miezi miwili ukacheze kitu kingine, kisha rudi: unaingia Valentine, mji mmoja wa gemu hiyo, kwa nia njema, unataka kumjulia hali mwenye duka, kufumba na kufumbua mji mzima unakimbia na masherifu wako nyuma yako. Hapo humkumbuki tena nani alikuwa anamdai nani kambini, wala kwa nini ulikuwa unaelekea mlimani. Wengi wakifika hapo huizima na hawarudi. Mshika mbili moja humponyoka, na kwenye gemu za namna hii humponyoka zote mbili.

Hesabu ya muda nayo tuifanye kwa uwazi, mara moja tu, halafu tuiache. Mtu mwenye kazi na familia akipata saa moja kila usiku, amepata saa 365 kwa mwaka. Hadithi kuu ya The Witcher 3 inachukua takriban saa 50. Persona 5 Royal inakaribia 100, yaani zaidi ya miezi mitatu ya usiku wako. Ukizitazama namba hizo, ile 4 ya Valve haishangazi hata kidogo. Kwa mtu mzima gemu nne kubwa kwa mwaka ni chakula kamili, na anayepanga kumaliza ishirini na nne anajiandalia kushindwa.

Kuna hili pia la kumaliza. Hulazimiki. Gemu nyingi zinaonyesha uso wake ndani ya saa ya kwanza au ya pili. Steam wenyewe wanalijua hilo: tangu Juni 2015 wanarudisha fedha kama umecheza chini ya saa mbili na hazijapita siku 14 tangu ununue. Itumie haki hiyo bila aibu. Tatizo la kununua kwenye punguzo na kuweka ni kwamba siku utakapoiwasha, zile siku 14 zilishapita zamani, na gemu isiyokufaa inabaki kuwa yako milele. Hapo ndipo bei ndogo inapogeuka hasara. Bora kulipa dola 20 kwa gemu utakayoianza leo jioni kuliko dola 5 kwa utakayoianza Mungu akijalia.

Nimesema milele, na hata hilo si kweli. Tangu Oktoba 2024 Steam wanaandika wazi kwenye ukurasa wa malipo kwamba unachonunua ni leseni. Wako waliolijua hilo kwa uchungu. The Crew ya Ubisoft, gemu ya mbio za magari iliyotoka 2014, ilifungiwa seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha, mwishoni mwa Machi 2024. Kwa kuwa haikuwezekana kuicheza bila kuunganishwa na seva hizo, hata mwenye CD yake mezani alibaki na plastiki. Mwaka huohuo Sony walitoa gemu ya mtandaoni ya Concord tarehe 23 Agosti na kuizima tarehe 6 Septemba. Nintendo walifunga duka la mtandaoni la mashine zao za 3DS na Wii U Machi 2023, ununuzi ukaishia hapo. Kufungwa kwa The Crew ndiko kulikozua kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka gemu zilizouzwa zisizimwe kabisa, na mwaka 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja. Naiunga mkono kwa moyo wote. Aliyelipa fedha zake ana haki ya kubaki na kitu kinachowaka.

Hii inabadilisha namna ya kuchagua kiporo gani kianze. Watu huanza na gemu waliyoinunua zamani zaidi, kana kwamba zimepanga foleni. Mimi natazama ipi inaweza kunyang'anywa. Inayotegemea seva za kampuni, au iliyo kwenye usajili wa kila mwezi na imetangazwa kuondolewa, hiyo ndiyo ya leo. Portal ya mwaka 2007, ambayo unaimaliza kwa jioni moja au mbili na haihitaji mtu yeyote upande wa pili, inaweza kusubiri mpaka mvua kubwa ikukatie safari. Haitaharibika.

Na ambazo hutazicheza kamwe, wape walio karibu nawe. Tangu Septemba 2024 Steam wana mpango wa familia: watu hadi 6 wa nyumba moja wanaunganisha maktaba zao, na kila mmoja anaweza kucheza gemu yake wakati mwenzake anacheza nyingine. Kwa nyumba zetu, ambamo hakukosi mdogo wako, mpwa na binamu aliyekuja kusoma, sijaona dawa ya viporo inayozidi hii. Mnachagua pamoja nini kinunuliwe, bando la kupakua linachangwa, na ile gemu uliyoichukua ukaishiwa hamu nayo inampata mwenye nayo hamu.

Nyumbani kwetu binamu yangu ndiye aliyeichukua Hollow Knight, ambayo ilikaa kwenye akaunti yangu tangu nilipoinunua. Sasa anazijua njia za Hallownest, ufalme wa gemu hiyo, anajua bosi gani, yaani adui mkubwa, wa kumkwepa kwanza, na kila akikwama ananiita nikae pembeni nimwangalie. Mimi bado niko kwenye The Witcher 3, na sina haraka nayo. Nikimaliza, yeye ndiye atakayenielekeza.