Winning kwanza, mengine baadaye

Mwandishi, orodha yako ya magemu kumi bora nimeisoma, ila kumi zima bila Pro Evolution Soccer 6, gemu ya mpira? Hapana, kaka. Sisi tuliokulia Majengo hapa Dodoma tuliiita Winning tu. Ilitoka 2006, na kwenye kibanda cha gemu aliyewahi kuchagua timu ya Inter Milan alikuwa ameshinda nusu, maana nguvu ya shuti ya mshambuliaji wao Adriano ilikuwa 99. Unamgeuzia mguu wa kushoto, unashikilia kitufe cha mraba, kipa anabaki kuangalia. Pedi yenyewe ilikuwa imefungwa raba, kitufe kimoja hadi ukikandamize kwa kucha. Mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake, na foleni ilifika nje juani.

Ya pili Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004. Misheni sikumaliza hata robo. Nilikuwa namlisha CJ, yule mhusika mkuu, baga mpaka anenepe, halafu nampeleka jimu. Hatukuwa na memori kadi ya kuhifadhi ulipofikia, kila siku tunaanza upya.

Tatu, Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyoshuka. Ni ya 1984 na mama yangu bado ananishinda.

Hizo za vita ulizojaza namba nne hadi nane sina la kusema. Zote naona moja.