Toleo Jipya Lini? Kwani Umenilipa?

Jamani, wenzangu wa Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, hebu tuelewane. Toleo jipya la programu limetoka jana usiku. Leo alfajiri, chai haijachemka hapa Ngamiani, mtu keshaniandikia kuhusu kifurushi ninachokitunza, yaani programu hiyo iliyoandaliwa tayari kusakinishwa: "Mbona kifurushi hakijasasishwa? Umelala?" Ndiyo, nimelala! Usiku watu hulala, Tanga na dunia nzima!

Kutunza kifurushi hiki najitolea. Silipwi hata senti. Mchana nina kazi yangu, jioni nina watoto, bando nanunua mwenyewe. Na kubadilisha namba ya toleo ni dakika moja tu. Kinachokula usiku ni kuhakikisha programu zinazokitegemea hazijaharibika, viraka vyetu, yaani marekebisho madogo tunayoongeza kwenye programu, bado vinakaa, leseni haijabadilika. Na Debian, aina ya Linux ninayoitunzia kifurushi hiki, ikishafunga milango kabla ya kutoa toleo lake imara, hata nikikesha toleo jipya la programu halipiti. Sasa ukiniuliza mara tatu kwa siku, nikalisukume kwa mikono?

Na anayepiga kelele kuliko wote hajawahi kujaribu hata kifurushi kimoja. Asante yenyewe hana!

Mnakumbuka xz, ile programu ya kubana mafaili? Mtunzaji mmoja, kachoka, akaandamwa na watu wanaodai matoleo na kumtaka aongeze mtunzaji mwingine. Msaidizi aliyemwamini ndiye aliyeficha mlango wa siri wa kudukulia kompyuta kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mwaka 2024. Kelele zilimfungulia njia!

Omba, sawa. Mara moja, kwa adabu, ukiwa umelijaribu. Lakini "lini, lini, lini" kama abiria kwenye daladala isiyojaa? Niacheni kwanza ninywe chai!